Mama Kip na Cherehani ya BanaChanda

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na nane. Hapana, nisiseme uongo, ilikuwa kumi na tisa, tena mwishoni, maana mwaka uliofuata ndipo ulipokuja ule ugonjwa wa kufunika midomo, mpaka wa Zambia ukabanwa, na mimi nikakaa Igamba miezi mitatu bila kunoa hata kisu kimoja cha mtu wa Tunduma. Kwa hiyo ni kumi na tisa, mwezi wa kumi na moja, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha.

Kazi yangu ni kunoa visu na mikasi. Natembea na jiwe langu la kuzungushwa kwa mguu, leo Igamba, wiki ijayo Itumba, nikipata lifti nafika mpaka Galula. Tunduma nilikuwa nakaa siku mbili tatu, na kituo changu kilikuwa barazani kwa Tupokigwe, kwa sababu palikuwa na kivuli na yeye hakunidai kitu.

Huyu Tupokigwe wakati huo alikuwa na miaka arobaini na kitu. Kwao ni Ileje, milimani, pale Itumba. Alisoma mpaka darasa la nne akaachia hapo. Baadaye akina mama wa kanisa waliwakusanya wasichana kuwafundisha kushona. Cherehani zilikuwa mbili na wasichana kumi na wanane, kwa hiyo zamu yake ilikuwa Alhamisi moja, kisha Alhamisi inayofuata anatazama wenzake. Mama yake aliniambia kwamba Alhamisi ya kutazama alikuwa anarudi nyumbani hataki kula. Akaolewa, akashuka Tunduma na mume aliyekuwa mpakiaji wa malori. Mume akavuka kwenda Ndola kutafuta kazi ya mwezi mmoja. Huo mwezi haujaisha mpaka leo.

Alibaki na chumba kimoja kando ya barabara, karibu kabisa na mpaka. Kazi yake ilianza bila yeye kuipanga. Siku moja mwanamke wa Kizambia alikuja na mabeseni matatu, mtoto mgongoni, foleni ya forodhani ndefu, akamwambia maneno mengi ya Kiingereza. Tupokigwe alisikia neno moja tu, "kip". Lakini yule mama alikuwa anaonyesha mabeseni, anaonyesha chumba, anaonyesha jua lilipo na litakapokuwa, basi akaelewa. Jioni mwenyewe alirudi, akakuta mabeseni yake yako kavu, akamwachia mche wa sabuni. Kesho yake alikuja na wenzake wawili.

Mambo yalipokolea akamwita fundi wa rangi amwandikie kibao.

"Niandike nini?" fundi akauliza.

"Andika kip."

"Kip nini, mama?"

"Kip mizigo. Wazambia wataelewa kip, Watanzania wataelewa mizigo."

Fundi akaandika KIPU MIZIGO HAPA. Alipoulizwa ile U ya nini, alisema neno bila U mwishoni linaonekana kama linataka kuanguka. Kibao kikabaki hivyo, na watu wakamwita Mama Kip.

Daftari hakuwa nalo. Alikuwa anachukua kipande cha boksi la biskuti, anaandika jina la mwenye mzigo, anachora alama, kisha anakichana katikati kwa mkono. Nusu inafungwa kwenye mzigo, nusu anapewa mwenyewe. Ukirudi, nusu zinawekwa pamoja, zikikutana unachukua mali yako. Nilimwambia mara moja nimnolee mkasi awe anakata vizuri.

"Mkasi wako ukikata, baba, vipande vyote vinafanana," alinijibu. "Mwizi atakushukuru. Mkono hauchani sawa mara mbili."

Miaka kumi na sita alifanya kazi hiyo na hakupoteza hata ndoo. Wazambia walimwamini kuliko walivyoaminiana wao kwa wao, na yeye alilijua hilo. Hakuwa mtu wa kujisifu, ila ukimtania kuhusu mzigo wa mtu alikuwa anakasirika kweli.

Sasa huyo BanaChanda. Kwa Kibemba ni kama kusema Mama Chanda. Alikuwa mnene, mcheshi, ananunua vitenge na viatu Tunduma, anauza Nakonde upande wa pili. Alikuja kwa Tupokigwe kila wiki kwa miaka mingi, na mizigo ikishapangwa walikuwa wanakaa barazani wanakula mihogo ya kuchoma. Lugha yao ilikuwa mchanganyiko. Mara moja Tupokigwe alimweleza habari za zile Alhamisi, kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno, na BanaChanda akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akamega muhogo wake akampa nusu.

Siku ninayoisema nilikuwepo, nanoa panga la mtu. BanaChanda alikuja na mkokoteni juu yake kuna cherehani, mpya, ya kukanyaga kwa mguu, na meza yake. Ikaingizwa ndani. Yeye alikuwa na haraka, pikipiki ilikuwa inamsubiri na dereva anapiga honi. Tupokigwe akaandika kipande, akakichana, nusu akaifunga kwenye mguu wa cherehani, akatoka mbio na nusu ya pili, akamnyooshea. BanaChanda alikuwa ameshapanda pikipiki. Akaushika ule mkono, akaukunja vidole juu ya kipande, akausukuma urudi.

"Kip iti, Mama," alisema. "Kip iti."

Pikipiki ikaondoka. Hakuonekana tena.

Mwanzo hakuna aliyeshangaa. Wiki zikapita, ukaja ugonjwa, mpaka ukabanwa, watu wengi hawakuonekana. Mpaka huo ulipofunguka, wengine walirudi, BanaChanda hakurudi. Simu yake ilikuwa haipatikani. Tupokigwe aliifunika cherehani kwa mfuko wa salfeti uliokuwa wa mbolea, na kila mwanzo wa mwezi aliufunua, akaipaka mafuta, akakanyaga mara mbili tatu bila uzi ili isishike kutu, akaifunika tena. Sikumwona akiitumia hata kushona kifungo. Nguo zake alikuwa anashona kwa sindano ya mkono, amekaa hatua moja kutoka kwenye cherehani.

Mwaka elfu mbili na ishirini na nne, mwezi wa tano, nilifika nikakuta ukutani pamepigwa alama ya X nyekundu. Barabara inapanuliwa. Mwenye nyumba alikuwa ameshapokea haki yake, wapangaji waliambiwa mwisho ni Juni thelathini. Tupokigwe alikuwa ameamua kurudi Ileje kwa mama yake, ambaye alikuwa hawezi tena kuchota maji. Mizigo yote ilikuwa imeshachukuliwa na wenyewe. Kilichobaki chumbani ni godoro, sufuria na cherehani.

"Kule nitaishi kwa kazi gani, baba?" aliniuliza. "Mgongo huu wa kubeba mizigo ya watu haulimi tena. Itumba kuna shule tatu na fundi wa sare ni mmoja, naye anachelewesha. Nikiwa na cherehani naishi. Nikiwa sina, naenda kumsaidia mama yangu kuwa na njaa."

"Cherehani si unayo?"

"Ninayo. Ni yangu?"

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Kama BanaChanda alisema chukua iwe yako, basi anaipakia kwenye gari anapanda nayo mlimani, na uzee wake umepata mlango. Kama alisema nitunzie, basi kuipandisha Ileje ni kuondoka na mali ya mtu, Mama Kip mwenyewe, baada ya miaka kumi na sita. Na kuiacha Tunduma kwa mtu mwingine hakuweza, maana hakuna mtu mwingine aliyemwamini.

Akaanza kuuliza. Neno lilikuwa lile lile alilolifanyia kazi, liko kwenye kibao chake, na hakulijua.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Yassir, dereva wa lori, mtu wa Tanga, aliyekuwa kwenye foleni ya malori siku ya nne na hana la kufanya.

"Hilo dogo, mama yangu," Yassir alisema. "Kip ni kulinda. Golini anakaa nani? Kipa. Kipa anadaka mpira, lakini ukiisha mchezo anaondoka na goli nyumbani? Haondoki nalo. Cherehani si yako."

Tupokigwe akainamisha kichwa.

"Ngoja kwanza," Yassir akasema, maana alikuwa mtu wa huruma na pia alipenda kubishana hata peke yake. "Nikila hotelini nikamwambia mhudumu kipi chenji, nitarudi mwaka kesho kuidai? Sirudi. Imekuwa yake. Kwa hiyo cherehani ni yako."

"Ni ipi sasa, Yassir?"

"Tuendelee. Kipilefti, pale barabara zinapozunguka. Pale wanakuambia kip kushoto. Kushoto kunakulinda au kunakuchukua?"

"Unapita tu," nikasema mimi.

"Mzee, umeharibu. Nilikuwa karibu kufika."

Tupokigwe alisema hospitali aliyowahi kulazwa waliandika kip ukutani na muuguzi akawa anaweka kidole mdomoni. Yassir akasema ile ni kip ya kunyamaza. Akakumbuka na katoni za dawa ya panya alizowahi kupakia, zimeandikwa kip na picha ya mtoto imekatwa mstari, hiyo ni kip ya kuweka mbali. Mwisho akasema Waingereza walikuwa na neno moja wakalifanyisha kazi kama punda, na lori lake likasogea hatua kumi akalikimbilia.

Wa pili alikuwa Mwalimu Danford, anayefundisha Kiingereza shule ya msingi, mtu mtaratibu mwenye kamusi iliyoshikwa na gundi mgongoni. Tulimkuta nyumbani kwake anapukuchua mahindi. Akanawa mikono kabla ya kuigusa kamusi, nikampenda kwa hilo.

Akasoma akipeleka kidole mstari kwa mstari. Kisha akasema, "Hapa kuna maana zaidi ya ishirini."

"Nisomee ya kwangu tu, mwalimu," Tupokigwe akasema.

"Ya kwanza, kubaki na kitu, usikirudishe."

"Eeh."

"Ya pili, kumwekea mtu kitu chake mpaka atakaporudi."

"Zote mbili ziko hapo?"

"Zimefuatana, kama nyumba na jiko."

"Kwa neno moja?"

"Kwa neno moja. Na kufuga kuku ni kip. Kumchelewesha mtu ni kip. Maziwa yakikaa bila kuharibika, nayo yame-kip. Kutimiza ahadi ni kip. Kuendelea na kitu bila kuacha ni kip."

Tupokigwe aliuliza kama aliyeandika kamusi hakuona kwamba atawagombanisha watu. Mwalimu akasema aliyeandika hakuwa na mzigo wa mtu ndani. Kisha akamtaka aeleze ilivyotokea, hatua kwa hatua. Alipofika kwenye mkono uliokunjwa vidole, mwalimu akaiweka kamusi chini.

"Kwa hiyo alipokuwa anasema, mkononi mwako kulikuwa na kipande cha boksi."

"Ndiyo."

"Na cherehani iko ndani."

"Iko ndani."

"Basi, mama, huna swali moja, unayo mawili. Sisi angesema kitunze, tungejua ni kipande. Angesema itunze, tungejua ni cherehani. Yeye kasema iti. Iti ni kitu chochote. Pengine alikuwa anakuambia kaa na hiki kikaratasi chako, nakuamini, sihitaji."

"Alisema mara mbili," nikasema. "Huenda moja ni ya kipande na moja ya cherehani."

Mwalimu Danford akanitazama kama mwanafunzi ambaye hakumtegemea. "Huenda," akasema, na akarudi kwenye mahindi yake.

Njiani Tupokigwe alisema heri BanaChanda angesema kwa Kibemba. Kibemba kutunza ni kusunga, na kuchukua ni kusenda, havigusani. Lakini yule mama alipenda kumsemesha Kiingereza kwa sababu kibao kilikuwa na neno la Kiingereza. Hilo lilimuuma. Alisema kibao ndicho kilichomponza.

Zilibaki siku tisa. Akaamua kuvuka, na akaniomba twende, kwa kuwa nilifanya kazi upande ule ujanani na nina Kibemba cha kununulia chumvi. Tukavuka kwa miguu asubuhi. Tulizunguka soko la Nakonde tukiuliza, mpaka tukaonyeshwa mwanamke anayeuza wale dagaa wakavu wanaowaita kapenta. Alikuwa mdogo wake BanaChanda, na hakuhitaji kusema, sura ilikuwa ile ile iliyopunguzwa unene.

Tukaamkiana. Nikamweleza nilivyoweza. Akasema dada yake alifariki mwaka wa ishirini na moja, mwezi wa saba, aliugua siku chache tu. Tupokigwe alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa bila kukaribishwa. Yule mwanamke akamwacha akae.

Kisha nikauliza habari ya cherehani. Yule mdogo mtu hakuijua. Hajawahi kuisikia. Alijua tu kwamba marehemu alikuwa na rafiki Tunduma, mwanamke wa kibao.

Tupokigwe akasimama. Akafungua fundo la khanga, akatoa kile kipande cha boksi, nusu ya BanaChanda, kimeshakuwa laini kama kitambaa. Akamnyooshea. Akaniambia nimwambie kwamba cherehani iko, nzima, ina mafuta, na mtu yeyote wa nyumba hiyo akija na kipande hiki atapewa hata kama ni Itumba.

Nikamwambia. Yule mwanamke akakitazama kipande, akatazama meza yake yenye kapenta, akatazama njia yote ya kurudi mpakani. Akaushika mkono wa Tupokigwe, akaukunja vidole, akausukuma urudi.

"Aah, Mama," akasema. "Kip iti."

Mimi nilitaka kucheka na nikaona haifai. Tupokigwe ndiye aliyecheka, pole pole, huku machozi yanamtoka. Akanigusa bega. "Muulize, baba. Muulize kwa Kibemba, kabla sijazeeka."

Nikamuuliza, ni kusunga au ni kusenda? Wakati huo huo mteja alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, anaonyesha fungu kubwa la kapenta, anauliza kama linauzwa lote.

"Fyonse," yule mwanamke akasema. Maana yake ni vyote.

Alikuwa anatazama katikati yetu. Sijui alimjibu mteja au alinijibu mimi. Nilipotaka kurudia swali alikuwa ameshaanza kupima, na watu wameongezeka.

Tukavuka kurudi Tunduma. Juni ishirini na nane Tupokigwe aliipakia cherehani kwenye gari ndogo la Itumba, juu, imefungwa kamba na kufunikwa ule mfuko wa salfeti. Kibao alimwachia mwenye nyumba. Alinieleza alivyofikiri, kwa maneno machache. Alisema ataishonea. Kama ni yake, anashonea kitu chake. Kama ni ya BanaChanda, cherehani inayokaa bure inakufa, na aliambiwa aitunze.

"Na akija mtoto wake? Huyo Chanda?"

"Ataikuta inazunguka. Nitamaliza mshono nilioshika, nitampa."

Mwaka uliofuata nilipita Itumba kunoa. Nikamkuta barazani kwa mama yake, sare za shule zimetundikwa misumarini, za bluu upande mmoja na za kaki upande wa pili. Mama yake alikuwa ameketi juani anachambua maharage. Nilimnolea mikasi miwili, na sasa alikuwa anaihitaji kweli. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliniambia fundi mwenzake wa sare ameanza kuwahi.

Kwenye mguu wa cherehani bado kulikuwa na nusu moja ya kipande, imefungwa kwa uzi ule ule. Nusu ya pili ilikuwa kwenye kidroo, pamoja na bobini na chaki. Hakuwa amevishona pamoja, na hakuwa amevitupa.

"Mbona unavyo bado?" nilimuuliza.

"Kwani vinakula, baba?"

Akaendelea kukanyaga. Mimi nilikuwa nimekaa na swali langu tangu barazani kwake Tunduma, kwa kuwa niliuona ule mkono kwa macho yangu na bado sikuuelewa. Nilishamuuliza Mwalimu Danford, akasema hayo hayamo kwenye kamusi. Nilishamuuliza yule mdogo wa marehemu, siku nyingine nilipovuka peke yangu, akanifungia kapenta kwenye gazeti, akadhani nataka kupunguziwa bei. Nikamuuliza na Tupokigwe pale Itumba. Aliinamia mshono, akakata uzi kwa meno, akageuza nguo upande wa pili.

Siku ile, juu ya pikipiki, BanaChanda aliposukuma mkono urudi, alikuwa anakataa kipande au anatoa cherehani?